Fidia Iliyozaa Darasa

Mwaka 1900 Wachina waliojulikana kwa jina la Boxer waliwainukia wageni waliokuwa katika nchi yao, wakashindwa na majeshi ya mataifa manane. Mwaka uliofuata China ilitozwa fidia ya tael milioni 450 za fedha, nayo tael ni kipimo cha uzito cha Kichina, ilipwe kwa muda wa miaka 39. Marekani ilipotambua kuwa fungu lake lilizidi hasara yake, iliridhia mwaka 1908 kurudisha ziada, ili itumike kuwasomesha vijana wa Kichina katika vyuo vyake.

Kwa fedha hizo ilifunguliwa Beijing, mwaka 1911, shule iliyoitwa Tsinghua Xuetang. Na xuetang maana yake ni shule. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa vijana kwa safari ya Marekani, na Kiingereza kilikuwa nguzo ya maandalizi hayo. Baadaye shule ilikua ikawa chuo kikuu.

Mwaka 2012 vyuo vya Harvard na MIT vilianzisha edX, jukwaa la masomo katika intaneti. Mwaka 2013 Tsinghua kilijiunga nalo, na Oktoba ya mwaka huohuo kikafungua jukwaa lake chenyewe, kikaliita XuetangX, mwangwi wa jina la kale. Katika edX kilitoa somo la mazungumzo ya Kiingereza pasipo karo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong nacho kilifundisha humo Kiingereza cha biashara katika Asia. Hivyo shule iliyoanzishwa ili vijana wake wakasome kwa lugha ya kigeni ilikuja kuwafundisha wageni lugha hiyohiyo.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mwenye lugha si mwalimu wake wa pekee: aliyejifunza ukubwani ajua vema mahali ulimi unapojikwaa. La pili, neno bure lataka kupimwa. Hapo kwanza edX ilitoa hati za kufaulu bila malipo. Mwaka 2015 ilitangaza kuziacha, na mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Somo likawa laweza kusikilizwa bure, lakini ushahidi wa kulisikiliza ukanunuliwa. Mwajiri naye aghalabu hutaka karatasi kabla ya kusikia maneno, na mwanafunzi maskini hubaki na elimu isiyo na shahidi.

Elimu hiyo ni elimu hata hivyo, na mwanafunzi asiikatae. Lakini akumbuke kuwa fedha zilizojenga Tsinghua ziliitwa hisani, nazo zilikuwa zimetoka katika mifuko ya Wachina wenyewe. Apewapo kitu bure, na ashukuru, kisha aulize ni nani aliyekilipia.