Agosti 27: vita vya dakika 38 na majirani zake kwenye kalenda

Kila ifikapo Agosti 27, vipindi vya "siku kama ya leo" redioni na magazetini huitaja Zanzibar, na huitaja kwa kicheko: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, vimekwisha kabla chai haijapoa. Kicheko hicho huniudhi kidogo. Asubuhi ile ya mwaka 1896 watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa ndani ya majumba ya sultani na pembezoni mwake. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Ugomvi ulikuwa wa kiti. Agosti 25 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na minong'ono ya sumu haikukawia. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza sultani. Baba yake, Barghash bin Said, alitawala tangu 1870 hadi 1888, hivyo Khalid aliona anadai chake; hata mwaka 1893 alikuwa amekwisha kujaribu. Lakini tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna wa kukaa kwenye kiti kile bila ridhaa ya konsuli wao. Nao walikuwa na mtu wao: Hamoud bin Mohammed.

Konsuli Basil Cave akaomba ruhusa London kwa simu ya waya, akaipata. Admeri Harry Rawson akapanga manowari tano mbele ya mji: St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Khalid alikuwa na watu kama 2,800, wengi wao raia waliopewa silaha siku hizo hizo, pamoja na mizinga michache ukiwemo mmoja wa shaba wa karne ya 17. Baharini alikuwa na meli moja, Glasgow, ambayo baba yake aliinunua Uingereza kwa fahari zaidi kuliko kwa vita. Amri aliyopewa ilikuwa fupi: ushushe bendera na utoke jumbani kabla ya saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Akajibu kwamba hana nia ya kuishusha, na wala haamini kwamba watampiga.

Saa 3 na dakika 2 walimpiga. Majumba yale yalikuwa na mbao nyingi, na moto ukashika upesi. Glasgow ilijibu kwa vimizinga vyake ikazamishwa palepale bandarini. Maji hayakuwa na kina cha kuifunika, na kwa miaka milingoti yake ilibaki ikichungulia nje. Jumba la Beit al-Hukm liliharibika vibaya. Mnara wa saa uliokuwa mbele ya jumba la Beit al-Ajaib ukaanguka, ila Beit al-Ajaib yenyewe ikasimama. Mnamo saa 3 na dakika 40 bendera ilikuwa chini.

Kisha ikaja hesabu. Wafuasi wa Khalid walitozwa fidia, na ndani yake mlikuwa na gharama ya makombora yaliyowapiga. Katika habari zote za siku ile, hiyo ndiyo ninayoishangaa zaidi kuliko zile dakika 38, na ni nadra kuisikia ikisimuliwa.

Khalid mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje wamngoje atoke. Wajerumani hawakutaka kumkabidhi, ila kumpitisha barabarani ilikuwa sawa na kumtia mikononi mwa Waingereza. Wakangoja bahari. Oktoba 2, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ikaja hadi kwenye lango la ubalozi, na Khalid akaingia chomboni bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar hata hatua moja. Alikaa Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakampeleka uhamishoni Saint Helena, kisiwa kilekile alikofia Napoleon, kisha wakamruhusu kurejea Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Sasa tazama nani amewekwa jirani na vita hivi kwenye kalenda. Agosti 27 mwaka 1883, miaka 13 kabla, mlima wa volkano Krakatoa ulilipuka katika mlango wa bahari kati ya Java na Sumatra. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi kwa mawimbi yaliyofuata. Katika kisiwa cha Rodrigues, upande huu wa Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka mlimani, mlio ulisikika hata mkuu wa polisi akadhani ni meli inayopiga mizinga kuomba msaada. Vipimo vya mgandamizo wa hewa vilionyesha wimbi la mlipuko likiizunguka dunia zaidi ya mara moja. Mwaka uliofuata bahari ikaleta ushahidi hadi Zanzibar: mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu yanayoelea, yalitupwa ufukweni, na taarifa za wakati huo zinasema yalifika pamoja na mifupa ya watu. Mwaka uleule wa mlipuko ndio ulioona Beit al-Ajaib ikikamilika.

Lakini Mzanzibari wa zama zile hangeona ajabu yoyote hapo. Mwezi wake ulikuwa wa kuandama. Kwake Krakatoa ililipuka katika Mfungo Mosi wa mwaka 1300 Hijria, wiki chache baada ya Idi, na jumba la sultani likapigwa katika Mfungo Sita wa 1314, siku chache baada ya Maulidi. Matukio mawili, miezi miwili tofauti, hayana hata siku ya kukumbukwa pamoja. Aliyeyaweka chini ya tarehe moja ni mwenye kalenda, na mwaka 1896 mwenye kalenda ndiye aliyekuwa na manowari.

Uingereza hiyo hiyo iliketi Paris Agosti 27 mwaka 1928 pamoja na mataifa mengine 14, ikatia saini Mkataba wa Kellogg na Briand wa kuacha vita kama njia ya kuendesha siasa za nchi. Ujerumani, Italia na Japani nazo zilisaini. Miaka 11 baadaye, tarehe ileile, Wajerumani walirusha Heinkel He 178, ndege ya kwanza duniani ya injini ya jeti. Siku tano baada ya hapo waliivamia Poland.

Agosti 27 mwaka 1975 alifariki Haile Selassie, karibu mwaka mmoja baada ya wanajeshi kumng'oa. Ethiopia nayo ina kalenda yake, na huko ilikuwa Nehase 21 mwaka 1967. Serikali ya kijeshi ya Derg ilisema ni maradhi, wengi hawakuamini. Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 1992 chini ya sakafu katika viwanja vya kasri, na haikuzikwa kwa heshima hadi Novemba 2000, katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa.

Jirani aliye karibu nasi zaidi ni wa mwaka 2010. Siku hiyo Rais Mwai Kibaki alitia saini Katiba mpya ya Kenya katika Uhuru Park, Nairobi, baada ya karibu asilimia 67 ya wapiga kura kuikubali kwenye kura ya maoni ya Agosti 4. Miongoni mwa wageni alikaa Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imekwisha kutoa hati mbili za kumkamata. Kenya ilikuwa mwanachama wa mahakama hiyo tangu 2005, na katiba iliyokuwa ikisainiwa mbele ya macho ya mgeni huyo inasema, katika kifungu chake cha pili, kwamba mikataba iliyoridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Akaondoka salama. Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru akamatwe endapo angeingia tena nchini, na Khartoum, kwa hasira, ikamtaka balozi wa Kenya afungashe virago.