Februari iliyokosa ngoma

Tamasha la Sauti za Busara lilianza Zanzibar mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Busara Promotions, taasisi isiyo ya kibiashara ya Yusuf Mahmoud na wenzake. Makao ya tamasha kwa miaka mingi yamekuwa Ngome Kongwe, boma la Waomani la Mji Mkongwe lililojengwa baada ya Wareno kutimuliwa. Sharti lake kubwa ni moja: anayepanda jukwaani aimbe na kupiga papo hapo. Mambo ya kufungulia kanda na kuchezesha midomo hayana nafasi. Ni kwenye jukwaa hilo Bi Kidude, gwiji wa unyago na taarab, alikuwa akiimba mbele ya vijana wa umri wa wajukuu na vitukuu wake, sigara haimtoki mkononi akishashuka. Alifariki Aprili 2013.

Februari 2016 tamasha halikufanyika. Watu hawakuwa wamelichoka, kwani ua wa Ngome ulikuwa ukijaa. Tatizo ni kwamba viingilio havikuwahi kutosheleza gharama, na mwaka huo fedha za wafadhili hazikutimia. Bei ya wenyeji ilikuwa imewekwa chini kwa makusudi, ili muuza samaki wa soko la Darajani naye aingie, na naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kupandisha bei kungeziba pengo la fedha na kuwafungia nje wenye muziki wao.

Ukimya wa mwaka ule uliwafumbua macho wengi. Hoteli, mikahawa na madereva wa teksi waliozoea kuvuna kila Februari waliona msimu bila tamasha ukoje. Pato la tamasha lilikuwa limetapakaa mji mzima, lakini mzigo wa kulitafutia tamasha fedha ulibaki mabegani mwa ofisi moja ndogo.

Tamasha lilirudi Februari 2017. Janga la korona lilipofika, waandaaji hawakungoja kukwama tena: mwaka 2021 walilipunguza likawa la siku 2, lakini likafanyika. Hapo naona somo la 2016 limeingia.

Hata hivyo, ufadhili kwa miaka mingi umekuwa wa kuombaomba, na msanii anayealikwa kutoka Mali au Réunion anahitaji tiketi ya ndege miezi mingi kabla ya kiingilio cha kwanza kuuzwa. Nina matumaini, ila nitalala usingizi mnono siku wenye hoteli za Mji Mkongwe watakapotia saini mchango wa miaka 3 au 5 kwa mkupuo.