Duane: paneli ya bati na povu ni chuma ao plastiki?

Vifaa vya ujenzi vinavyovuka ziwa kutoka Kigoma, vikishuka bandarini Kalemie, vinapewa namba ya tarifa mbele ya DGDA. Namba ndiyo inasema ushuru. Ukikosea, unaweza kulipa zaidi ao kupigwa amande. Msumari hauna shida. Shida ni paneli: bati huku, bati kule, povu gumu katikati. Mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, unaotumika tangu 1988, unajibu kwa kanuni ya 3 (b): tazama kinachoipa bidhaa tabia yake kuu. Hapa ni bati, basi paneli inaingia 7308, vyuma vya ujenzi. Kama haijulikani bado, 3 (c) inachukua namba ya mwisho kati ya zinazofaa. Kwa hiyo faktire itaje kila tabaka na unene wake. Kuandika “vifaa vya ujenzi” tu haitoshi.