Adapta ya lenzi

Adapta ya lenzi ni pete, aghalabu ya chuma, inayounganisha lenzi ya kamera ya picha mnato na kamera ya video yenye kishikizo cha aina nyingine. Kufaa kwake hutegemea umbali kati ya kishikizo na kihisi cha picha. Lenzi za Nikon F zimeundwa kwa umbali wa milimita 46.5 na za Canon EF milimita 44, ilhali kamera za Sony E zina milimita 18 tu. Adapta huziba pengo hilo. Umbali wa kamera ukizidi ule wa lenzi, vitu vya mbali hubaki na ukungu, isipokuwa adapta iwe na kioo cha kurekebisha.

Kihisi kidogo hupunguza eneo linaloonekana: kwenye kihisi cha aina ya Micro Four Thirds, lenzi ya milimita 50 huona kama ya milimita 100 kwenye kihisi cha fremu kamili. Adapta ya Speed Booster ya kampuni ya Metabones, iliyotoka mwaka 2013, hutumia vioo kupanua eneo hilo na kuongeza mwanga.

Lenzi za Canon EF, zilizoanza 1987, hurekebisha tundu la mwanga kwa umeme, hivyo huhitaji adapta yenye viunganishi vya umeme. Lenzi za zamani zenye pete ya tundu hurekebishwa kwa mkono.