Ihefu, mtoto wa mwisho wa Rungwa

Ukishika barabara ya Itigi kwenda Mbeya utalikata Pori la Akiba Rungwa. Wengi hulijua kwa uwindaji tu, ilhali ndilo lililoizaa Hifadhi ya Taifa Ruaha. Tangazo la Serikali Na. 754 la 2023, lililorekebisha mipaka ya hifadhi hiyo upande wa Mbarali, limerudisha mdomoni jina la ardhioevu ya Ihefu.

Wajerumani walitenga eneo hili mwaka 1910, wakaliita Saba. Waingereza walilibadili jina kuwa Rungwa mwaka 1946. Mwaka 1964 upande wake wa kusini ukawa Ruaha.

Ihefu iliingizwa hifadhini mwisho, mwaka 2008. Ardhioevu hiyo ya Usangu hupokea maji ya mito ya nyanda za juu, huyatandaza nyasini, kisha huyatoa kidogo kidogo juu ya mwamba wa Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya kimo cha mwamba huo, mto Ruaha Mkuu hukatika na viboko hubanana madimbwini.

Mwaka 1993 mto ulikauka. Mgao wa umeme ulipoitesa nchi, macho yaliyotazama mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yaligeukia ng'ombe wa Ihefu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi akiwa London kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai wakaanza kuondolewa, wakiswaga mifugo hadi Lindi.

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikuwa na hesabu nyingine. Mtera hujazwa na maji ya masika. Kukauka kwa kiangazi huua samaki na viboko, lakini si chanzo kikuu cha giza majumbani. Na maji ya kiangazi huishia zaidi kwenye mabanio ya mashamba ya mpunga. Nawaunga mkono: mfugaji alibebeshwa mzigo usio wake peke yake.

Mwaka 2010 ulipita, na mto uliendelea kukauka.

Hata timu ya soka iliyobeba jina la Ihefu ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Jina la Ihefu halitangazwi tena redioni kila wikiendi. Sisi wa Singida, mkoa ilikozaliwa Rungwa, tuna wajibu wa kulitaja, na kudai kila banio lipimwe kiangazi, mpaka maji yavuke tena Ng'iriama.