Selimundu: Jibu Lilikuwa Katika Damu ya Watoto Wachanga

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana hana tatizo. Miezi kadhaa baadaye vidole vyake huvimba, naye hulia kwa maumivu ambayo mama hawezi kuyatuliza. Kwa nini si tangu siku ya kwanza? Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa Brooklyn, New York, alichunguza damu ya watoto wachanga akakuta chembe zinazopinda kama mundu ni chache. Akahisi kwamba wanakingwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni, ambayo baadaye hupungua na kuiachia nafasi ile yenye kasoro.

Kwangu mimi, historia ya tiba mpya ya selimundu, ya kuhariri jeni, inaanzia kwa watoto hao.

Mwaka uliofuata Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa ina umbile tofauti. Mwaka huohuo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuwa akipima damu za wenyeji wa huko. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, karibu hakuna. Mwaka 1954 alieleza sababu: aliyerithi jeni moja huihimili malaria, aliyerithi mbili huugua selimundu. Maarifa haya yalitoka katika mishipa ya watu wa Afrika Mashariki, na simulizi za tiba hii mara nyingi hulisahau jambo hilo.

Mwaka 2008, Boston, Vijay Sankaran na Stuart Orkin walionyesha kuwa jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima himoglobini ya tumboni. Ukiidhoofisha, himoglobini ile huongezeka tena. Kwa hiyo mwaka 2012, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipotangaza CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa, jeni ya kulenga ilishajulikana.

Julai 2019 Victoria Gray, mama mwenye selimundu kutoka Mississippi, alitibiwa kwa njia hiyo Nashville. Seli shina zilitolewa katika damu yake, zikahaririwa maabara, uboho wake ukasafishwa kwa dawa kali za aina wanazopewa wagonjwa wa saratani, kisha seli zake zikarudishwa kwa dripu. Mabadiliko yako katika seli za damu tu, hivyo wanawe hawayarithi. Hapo ndipo tiba hii inapotengana kabisa na kitendo cha He Jiankui, mwanasayansi aliyehariri viinitete vya binadamu China na kufungwa jela.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Wagonjwa wengi zaidi wako Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imejenga utafiti na kliniki za ugonjwa huu kwa miaka mingi, lakini dawa ya kila siku ni hydroxyurea, na hata hiyo haimfikii kila anayeihitaji. Watafiti sasa wanatafuta namna ya kuhariri seli zikiwa ndani ya mwili, kwa sindano, bila kuusafisha uboho. Sindano hiyo ikipatikana, naomba majaribio yake yafanyike mapema Dar es Salaam na Kisumu, damu iliyochangia elimu hii isiwe ya mwisho kutibiwa.