Wasichana Waliomuimba Chemirocha

Nilienda kwa sababu binamu yangu anapiga kayamba mstari wa nyuma. Shule yao iko juu ya mashamba ya chai, nje kidogo ya Litein, na tamasha lilifanyika kwenye bwalo la chakula. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, harufu ya githeri bado ipo. Gitaa mbili, kinanda, ngoma, na chepkong moja, kile kinubi chetu sisi Wakipsigis.

Baada ya nyimbo tatu hivi za kawaida, mwalimu akatangaza: Chemirocha. Wazee wakachangamka. Kijana aliyekaa nyuma yangu akamuuliza mwenzake, "Kwani huyo ni nani?"

"Si ni jamaa fulani wa kitambo."

Jamaa mwenyewe ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi, mwimbaji wa kantri aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Huku hakufika. Zilizofika ni santuri zake, zikaletwa na Wazungu pamoja na gramafoni, na ulimi wa Kikipsigis ukalifinyanga jina. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, akafika Kapkatet na kukuta wasichana wanamuimba Chemirocha: nusu mtu, nusu swala. Wanamwambia aruke, acheze nao, mpaka nguo zimtoke.

Hii stori hupendwa sana huko nje, na kawaida husimuliwa kwa kicheko: ona wanakijiji walivyochanganyikiwa na gramafoni. Mimi sikubali. Sauti inatoka kwenye sanduku, haina mwili, halafu katikati ya wimbo inageuka kilio cha juu ambacho si maneno. Ungeipa umbo gani? Wale wasichana walimtungia mwili, kisha wakamfundisha kucheza Kikipsigis. Hao si watu waliochanganyikiwa. Hiyo ni kazi ya utunzi.

Kitu kinachonikera ni kingine. Niliusikia ule wimbo mara ya kwanza chuoni, kabla karo haijanishinda nikarudi nyumbani. Kwenye maelezo ya rekodi kuna jina moja la mwimbaji, Chemutoi Ketienya. Wengine wote wameandikwa tu "wasichana wa Kipsigis". Rodgers ana jina mara mbili, lake na letu. Wao, hata moja hawana. Miaka kama 65 baadaye rekodi zilirudishwa Kapkatet na watu wa maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, Afrika Kusini, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi. Ilikuwa vizuri. Lakini hesabu mwenyewe: msichana wa miaka 15 mwaka ule alikuwa ameshafika 80.

Bwaloni wasichana wakaingia kwa sauti nyembamba, chepkong ikifuata kidogo nyuma ya mdundo. Kogo mmoja kando yangu alifumba macho, mabega yakaanza kupanda na kushuka.

Nikafungua ile karatasi ya ratiba. Majina 31, ya kwanza na ya pili, kila mtu na chombo chake. La binamu yangu walikuwa wamekosea herufi moja. Nikaomba kalamu, nikalirekebisha.